Nitapunguzaje mitandao wakati wateja wangu wako humo humo?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 34, fundi cherehani hapa Morogoro. Nina kibanda changu Kihonda, vyerehani viwili na binti mmoja ninayemfundisha kazi. Nashona magauni ya vitenge, sare za harusi na sare za vikundi. Mume wangu ni dereva wa malori, anapakia bandarini Dar na kupeleka Lubumbashi. Akitoka ametoka. Foleni ya Tunduma peke yake inaweza kumshikilia siku kadhaa, na mbele yake bado kuna Kasumbalesa. Tuna watoto wawili, mkubwa yuko darasa la pili.

Shida yangu ni simu. Wateja wangu karibu wote nimewapata kwa status za WhatsApp na Instagram. Naweka picha ya gauni nililomaliza, mtu analipenda, ananitumia picha ya mshono anaoutaka yeye, tunapatana bei, analeta kitambaa. Kwa hiyo siwezi kusema naacha. Lakini nikishika simu kumjibu mteja mmoja, nashtuka nusu saa imepita niko TikTok, na mteja mwenyewe sijamjibu. Naingia kutafuta mishono mipya, naishia kuangalia ugomvi wa watu nisiowajua. Na wateja nao hawaishi kuuliza: fundi imeisha? fundi umefikia wapi?

Usiku ndiyo balaa. Watoto wakilala napanda kitandani na simu, najiambia namsubiri baba yao, maana akishavuka Zambia tunaongea kwa WhatsApp. Akishapiga tukaagana, sitoki. Saa 7, saa 8 usiku bado naskroli. Mwezi uliopita nilikuwa nakata kitenge cha mteja huku jicho moja liko kwenye video, nikakata mikono yote miwili ya upande mmoja. Kitenge chenyewe alitumiwa na dada yake kutoka Lubumbashi, hapa mjini hakipo. Nilimlipa, lakini hakurudi.

Halafu magrupu. Kuna la ukoo, la wazazi wa darasa, la kikoba, la mtaa, na kamati tatu za harusi ambazo mbili zilishafungwa zamani. Nikitoka wataniona nimesusa. Na naogopa usije ukatokea msiba nikawa wa mwisho kujua.

Kinachoniuma zaidi ni mwanangu mkubwa. Mei 2024, zile siku nyaya za baharini zilipopata hitilafu na intaneti ikasumbua nchi nzima, alifurahi mno, tulicheza rede uani mpaka jioni. Tangu hapo kila akiniona nimeweka simu chini anauliza, "Mama, bando limeisha?" Anauliza kwa furaha, Shangazi.

Dada yangu anasema nifute kila kitu ninunue kitochi. Nimejaribu kufuta, jioni narudisha. Baba watoto anasema nimeolewa na simu. Je, nimeshakuwa teja? Nifanyeje?

Fundi wa Kihonda

*

Marahaba mwanangu. Pole na kazi, na pole kwa mteja aliyeondoka.

Nianze na hilo neno zito la mwisho. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya magonjwa ambayo madaktari wa dunia nzima huifuata, na toleo lake la 11 lilianza kutumika Januari 2022. Humo limo tatizo la kushindwa kujizuia kucheza gemu. Mitandao ya kijamii haimo. Watafiti wanaendelea kuvutana juu yake, lakini hakuna daktari atakayefungua orodha hiyo akakuta ugonjwa wako umeandikwa. Nakwambia hivi kwa sababu mtu akishajiita teja hukaa akisubiri kuponywa. Wewe unaamka asubuhi, unapeleka mtoto shule, unashona, na ukiharibu kitambaa cha mtu unalipa. Una mazoea mabaya yaliyokomaa, na mazoea huvunjwa kwa kupanga upya mahali yanapofanyika na saa yanapofanyika.

Dada yako namheshimu kwa nia yake, ila ushauri wake sitaki uufuate kama alivyousema. Ukifuta kila kitu, utakuwa umefunga na duka. Ndiyo maana kila ukifuta unarudisha jioni ileile: ulifuta na riziki yako humo humo, na riziki haiachi kumwita mwenyewe.

Soma barua yako tena. Umeniambia wateja wanakuja kwa status na kwa Instagram. TikTok umeitaja kama mahali unapopotelea tu. Basi hiyo iondoe leo, kabla hujalala. Hutampoteza mteja hata mmoja. Instagram nayo ina video fupi za namna hiyohiyo, lakini hapo ndipo lilipo dirisha la duka lako, kwa hiyo itabaki kwa masharti nitakayokueleza.

Kwanza jua unashindana na nini, maana naona unajilaumu kupita kiasi. Zamani ukurasa wa mtandao ulikuwa na mwisho. Ukifika chini unabonyeza kwenda ukurasa wa pili, na pale pa kubonyeza ndipo mtu alipokumbuka kwamba ana sufuria jikoni. Mwaka 2006 mbunifu mmoja Mmarekani, Aza Raskin, alibuni namna ya kuufanya ukurasa uendelee kushuka wenyewe bila kikomo. Baadaye amejitokeza hadharani kusema anaujutia uvumbuzi huo. Ongeza na jambo ambalo mwanasaikolojia B. F. Skinner alilionyesha kwa njiwa miaka mingi kabla ya simu hizi: njiwa anayepewa punje bila mpangilio, mara anapata, mara hapati, hung'ang'ania kudonoa hata punje zikiacha kutoka, kuliko yule aliyezoea kupata kila anapodonoa. Umewaona vijana kwenye mashine za dubwi pale vichochoroni? Wanakaa kwa sababu hiyohiyo. Video tisa hazina maana, ya kumi inakuchekesha mpaka machozi, na kidole kinaendelea kuitafuta nyingine kama hiyo. Mama aliyeshinda kwenye cherehani tangu asubuhi hawezi kulishinda jambo hilo saa 8 usiku kwa nia njema peke yake. Mimi pia siwezi.

Sasa tuje kwenye kazi.

Fungua mipangilio ya simu yako, tafuta sehemu inayoitwa Digital Wellbeing, au Nidhamu Dijitali kama simu umeiweka kwa Kiswahili. Itakuonyesha kila programu imekula saa ngapi kwa siku. Chukua daftari lile la vipimo, andika WhatsApp upande mmoja na mengine yote upande wa pili, ufanye hivyo wiki nzima. Nataka uone kwa macho yako kazi yenyewe inahitaji muda gani. Watu wanaofanya biashara kwa simu huamini kazi ndiyo inayowamaliza, na mara nyingi kazi ni sehemu ndogo tu ya muda huo. Hapo hapo unaweza kuiwekea programu kikomo, muda ukiisha inafifia mpaka siku ya pili. Kikomo hicho unaweza kukiondoa mwenyewe, kwa hiyo usikitegemee peke yake, lakini kitakushtua.

Halafu weka WhatsApp Business. Ni ya bure, na unaweza kuitumia kwenye simu hiyohiyo kwa laini ya pili, ukaacha ndugu kwenye laini ya kwanza. Ina mahali pa kupanga bidhaa na bei, utaweka magauni yako pale, na swali la "hili bei gani" litapungua sana. Ina saa za kazi. Ina pia ujumbe unaojibu wenyewe ukiwa haupo. Andika hivi: "Asante kwa ujumbe wako. Najibu wateja kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Kama ni haraka, piga simu ya kawaida." Angalizo moja: ujumbe huo hutoka pale tu simu yako inapokuwa na intaneti. Ukizima data, mteja hatajibiwa mpaka uwashe. Kwa hiyo saa zako ziandike pia kwenye maelezo ya biashara, uziweke kwenye status kila Jumatatu mpaka watu wazizoee.

Najua unaogopa kwamba mteja asipojibiwa papo hapo atakwenda kwa fundi mwingine. Hebu nikwambie ukweli kuhusu sifa yetu mafundi wa nchi hii, nasema yetu kwa kuwa marehemu mama yangu alikuwa fundi. Watu wanatujua kwa ahadi za uongo. Mteja akiona fundi kanyamaza, anawaza moja tu: nguo haijashonwa na sasa ananikimbia. Hilo ndilo linalozaa "fundi imeisha?" ishirini kwa siku. Dawa yake ni tarehe. Mpe mteja tarehe ya kuchukua nguo akiwa mbele yako, iandike kwenye daftari na kwenye karatasi anayoondoka nayo, na uiheshimu. Siku moja kabla, mtumie picha ya nguo yake ilipofikia, bila kuulizwa. Fundi wa namna hiyo anaweza kukaa kimya kutwa nzima na hakuna atakayemshuku.

Mkasi ukiwa mkononi, simu iwe kwenye droo ya meza ya cherehani. Si juu ya meza ikiwa imegeuzwa, kwenye droo. Kukata ni saa ya hatari kuliko zote katika kazi yako, mshono unafumuliwa, mkato haufumuliki. Mpe binti unayemfundisha ruhusa ya kukukemea akikuona umeitoa. Atajifunza na yeye.

Na mishono itafute kwa miadi. Jumapili mchana, ukiwa na majina ya wateja wa wiki inayokuja kwenye karatasi, ingia, tafuta, hifadhi picha, toka. Picha kumi au kumi na tano zilizo nzuri kabisa zipeleke stationari, zichapishwe kwa rangi, uzibandike ukutani kibandani. Ndivyo mafundi walivyofanya kwa mabango na kalenda za mishono kabla ya simu, na mteja akisimama mbele ya ukuta ule mnaongea kuhusu mwili wake na kitambaa chake, jambo ambalo picha ya simu haikupi.

Magrupu hayanitishi. Zile kamati za harusi zilizofungwa toka. Tangu 2022 WhatsApp haitangazi tena kwa wote kwamba fulani ametoka, wanaoarifiwa ni viongozi wa grupu tu. Mwandikie mwenyekiti neno moja la shukrani kabla, yaishe. La kikoba na la wazazi yabaki, yana fedha na yana mtoto. Mengine yanyamazishe moja kwa moja uyaweke kwenye kumbukumbu (Archive), yatakaa huko hata ujumbe mpya ukiingia. Utayapitia mara moja jioni.

Kuhusu msiba nakuelewa kabisa. Kwetu mtu kukosa msiba ni jambo la kusemwa miaka. Lakini fikiri: msiba wa karibu yako uliwahi kuujulia kwenye grupu? Ulipigiwa. Mwambie dada yako huyohuyo, "Nimeyanyamazisha magrupu, likitokea jambo nipigie simu ya kawaida saa yoyote." Atafurahi kupewa kazi hiyo kuliko alivyofurahi kukushauri.

Na hapa ndipo kitochi cha dada kinapata nafasi. Kinunue, kiwe simu ya pili. Weka laini ambayo ndugu na mume wanaijua. Ikifika saa 3 na nusu usiku, simu kubwa ibaki sebuleni kwenye chaji, chumbani uingie na kitochi. Kina kengele ya kukuamsha, kinapokea habari ya msiba, na hakina cha kukukesha.

Sasa mumeo. Hili nimelikalia kwa muda kuliko mengine yote.

Umeandika, "Akishapiga tukaagana, sitoki." Umeipitisha sentensi hiyo haraka, katikati ya mikono ya kitenge na magrupu, lakini mimi nimebaki hapo. Mchana una wateja na binti wa kazi. Usiku nyumba inanyamaza, kitanda kina upande mmoja mtupu, na sauti uliyokuwa ukiingojea imeshasema usiku mwema kutoka kwenye foleni ya Kasumbalesa. Simu unaendelea kuishika kwa sababu ndiyo kitu cha mwisho kilichokuwa na mtu wako ndani yake. Mwanangu, huo ni upweke. Wala si aibu. Ukiuchukulia kama uvivu au utovu wa nidhamu, utaondoa programu zote na usiku utabaki vilevile, utatafuta kitu kingine cha kuujaza.

Kwa hiyo zungumza naye, na usingoje akupigie akiwa amechoka. Subiri arudi, akishakula na kuoga, mkae. Mwambie usiku ni mrefu. Yeye anaona mke aliyeolewa na simu, hajui kwamba simu inaanza pale anapokata yeye. Pataneni saa maalumu ya kuongea kila siku anapokuwa safarini, tuseme saa 3 usiku kwako. Akiwa Zambia au Lubumbashi kwake itakuwa saa 2, wako nyuma yetu kwa saa moja. Ongea naye ukiwa umekaa kwenye kiti sebuleni, si kitandani. Muongee vya kutosha, si "umekula? watoto wazima? haya." Muulize barabara ikoje, amelala wapi, nani yuko naye kwenye foleni. Mtoto mkubwa naye amsalimie baba yake kabla ya kwenda kulala. Mkimaliza, simu inabaki pale pale kwenye chaji na wewe unasimama.

Utakaposimama utahitaji mahali pa kwenda. Usiku mwingine washa redio, maliza pindo za mkono, kazi ambayo haihitaji macho makali. Usiku mwingine lala tu, una deni kubwa la usingizi. Na mchana wa Jumamosi kaa na wenzako wa kikoba hata baada ya hesabu kufungwa, usiondoke mbio. Mwombe dada yako aje alale kwako mara mojamoja. Kama mume anaweza siku moja kupata safari za ndani ya nchi badala ya hizi za mpakani, hilo nalo liwekeni mezani, ingawa najua ajira za malori haziombwi kama sukari kwa jirani.

Ukifanya haya yote na usingizi bado unakukataa, au ukajikuta unalia bila kujua kwa nini, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa uulizie huduma ya afya ya akili. Usikae nalo.

Kwa mtoto sina mengi, kwa sababu ameshakueleza mwenyewe anachotaka. Darasa la pili wana upimaji wa kitaifa wa kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa hiyo jioni kabla ya saa ya baba, akusomee ukurasa mmoja. Mwachie mabaki ya vitenge na sindano butu. Na rede ichezwe hata kama bando lipo.

Usitegemee kujisikia mtu mpya baada ya siku chache. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani waliwalipa watu wazime Facebook kwa wiki 4. Kwa wastani kila mtu alipata nafuu ya kama saa moja kwa siku, sehemu kubwa ya muda huo ikaenda kwa familia, marafiki na televisheni. Furaha yao iliongezeka, lakini kidogo tu. Kilichonipendeza ni kwamba wiki hizo zilipokwisha, na hakuna tena aliyewalipa, kwa wastani hawakurudi kwenye kiwango chao cha zamani. Siku za mwanzo mkono wako utaitafuta simu mfukoni hata haipo. Uache utafute.

Anza na mambo mawili leo: TikTok iondoke, na chaja ihamie sebuleni. WhatsApp Business ifanye Jumapili ukiwa umetulia, binti akusaidie kupiga picha za nguo. Mazungumzo na mumeo yasubiri akirudi. Kisha niandikie aliitikiaje, hata kama aliitikia vibaya, tuone cha kufanya.

Shangazi yako